Namba Ishirini na Nne

Mwezi uliopita nilikwenda Mikindani kwenye arobaini ya Bi Rukia, mwalimu wangu wa kupiga chapa. Nikiwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, sinia la pilau katikati yetu, nikamsikia mama mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Unamwona yule mwenye baibui la kahawia? Ndiye aliyemfuta mtoto wa watu jina lake chuoni." Alinong'ona kama wanavyonong'ona watu wa kwetu, yaani nyumba nzima ilisikia. Mkononi nilikuwa na tonge. Nikalirudisha sahanini, nikageuka. "Mama," nikamwambia, "ni mimi. Niulize mwenyewe nikueleze, usimsumbue mwenzio kwa jambo asilolijua." Akacheka, akavuta mtandio wake, akasema hakuwa ananisema mimi. Alaa! Miaka yote hii, mvi zimeshanitoka, na bado wapo watu wanaokula pilau la marehemu huku wanatafuna jina langu. Marehemu mwenyewe angekuwepo, angemtoa nje yeye na sahani yake. Basi nimeamua kuuandika mwaka ule kama ulivyokuwa, na anayetaka kubisha abishe akiwa amesoma.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza yenye meza. Chuo kilikuwa kidogo, cha kufundisha wahudumu wa afya. Jina lake silitaji, maana ugomvi wangu haukuwa na majengo. Nilikuwa mpiga chapa wa mkataba wa mwaka mmoja, na nilipanga chumba Ufukoni pamoja na Dora, binti wa mfanyakazi wa bandarini, Mkristo wa kutoka bara aliyekuja Mtwara hajui kula muhogo na baada ya miezi sita akawa ananinyang'anya. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, meza moja yenye mguu uliofungwa kamba, na jiko la mkaa tulilolitoa uani kila alasiri. Asubuhi tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili ya ndimu. Dora alikuwa anaimenya kwa meno, mimi kwa kisu, na kila mmoja alimwona mwenzake mshamba. Kuta za nyumba ile hazikufika darini. Neno lolote ulilosema kwako lilipita juu likaingia kwa jirani yetu, Mama Shamte, na lililosemwa kwake lilitufikia sisi, hata kama hatukulitaka. Tulijua anachopika, anayemdai radhi, na dua anayomwombea mkwewe, ambayo haikuwa dua njema. Nasi tulijua kwamba anatujua. Lakini ukiwa na miaka ishirini na miwili hufikirii kwamba utani wako una masikio upande wa pili.

Na utani wenyewe ulikuwa huu. Dora alikuwa ameomba nafasi ya kusoma pale pale chuoni kwetu. Akafanya usaili, akawa wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Maana yake, walichaguliwa watu ishirini na wanne, na kama mmoja wao asingeripoti, Dora angeingia mahali pake. Kwa hiyo kila siku nikirudi kazini, kabla sijavua viatu, ananiuliza, "Hawa, hakuna aliyeugua?" Namjibu, "Wote wazima, shoga, wewe endelea kumenya." Anasema, "Hata mafua?" Nasema, "Hata mafua." Tunacheka mpaka Mama Shamte anagonga ukuta. Leo nikikumbuka kicheko kile nakionea huruma. Hakikuwa na ubaya hata punje, na ndicho kilichokuja kutukaba shingo wote wawili.

Sasa lazima nieleze nilivyofundishwa, maana bila hilo hakuna kitu kitakachoeleweka. Darasa la Bi Rukia lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake Mikindani, madirisha mawili, madawati ya kuazima, na mashine tano za kupigia chapa, mbili kati yake zimekufa na anazitumia kuwatishia wavivu. Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: macho kwenye karatasi unayonakili, si kwenye mashine. Ukichungulia vidole, anachukua kanga yake, anaitandika juu ya mikono yako pamoja na mashine yote, unapiga gizani mpaka saa ya kwenda nyumbani. Ya pili ilitokana na uhaba wa utepe. Utepe mmoja ulitumika mpaka wino ukawa wa kubahatisha, na herufi iliyoonewa zaidi ilikuwa a, kwa sababu a inapigwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na kidole hicho hakina nguvu. Na majina yetu yanaishia na nini? Fatuma, Halima, Zuhura, Salima. Karatasi nzima ya majina inatoka imekatwa mikia. Basi Bi Rukia akaweka kanuni: ukimaliza jina lote la mtu, rudi nyuma hatua moja, ugonge tena herufi ya mwisho juu yake yenyewe ikolee. "Jina la mtu halifi mkiani!" alikuwa anapiga kelele, fimbo ikigonga dawati. "Rudi, gonga! Rudi, gonga!" Kwenye mashine ile kurudi nyuma hakufuti kitu, kunarudisha tu kigari cha karatasi. Nilifanya hivyo miaka miwili, kila jina, mpaka kidole kikawa kinarudi chenyewe. Nilipohamia kwenye kompyuta kikahama nacho. Kule kitufe cha kurudi nyuma kinafuta, lakini kinafuta a moja na mimi naigonga a nyingine papo hapo, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti. Hata mimi sikujua kwamba bado nafanya.

Mkuu wetu wa ofisi alikuwa Mwalimu Haule, mtu mrefu, msafi, asiyepandisha sauti hata kwa bahati mbaya. Ijumaa moja akaniletea orodha ya waliochaguliwa, imesainiwa na jopo lote, niiweke kwenye tovuti ya chuo. Kila jina lilitakiwa liwe linki, yaani liwe la buluu na mstari chini yake, na mtu akilibonyeza ifunguke barua yake ya kujiunga, aichape, aripoti nayo. Kawaida yangu ilikuwa kuandika majina yote kwanza, kisha nayarudia na mausi kuyageuza moja moja kuwa linki. Karatasi ya kwanza iliishia namba ishirini na tatu, nikaimaliza hivyo, safi kabisa. Nikafungua ya pili, ambayo ilikuwa na jina moja tu. Mwalimu Haule alikuwa mlangoni anasema watu wa kata wanapiga simu kuulizia orodha, na adhana ilikuwa imeshaanza. Nikaona nifanye haraka. Nikanakili mstari wa ishirini na tatu, nikabadilisha barua iliyofungwa ndani yake, kisha nikaandika jina jipya mahali pa lile la zamani, ndani ya buluu ile ile. Macho kwenye karatasi, kama nilivyolelewa. Salima Issa Nampota. Nikasevu, nikajifunga vizuri mtandio, nikaenda kuswali.

Jumanne asubuhi akaingia ofisini msichana mmoja mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye ubao wa matangazo wa kata, pembe zake nne bado zina matundu ya misumari. Hakusalimia. Akaiweka mezani kwangu, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Namba ishirini na nne ilikuwepo, na mbele yake kulikuwa na herufi moja tu: a. Hakukuwa na jina, hakukuwa na buluu.

"Natoka Ziwani," akasema. "Nyie wenyewe mlinipigia simu mkaniambia nimepita. Mama yangu kashachinja kuku. Hebu niambie, dada, mimi ndiye hii a?"

Nilifungua kompyuta, na ilikuwa kweli. Mwalimu Haule akaitwa, akaangalia karatasi iliyosainiwa, akaona jina la Salima liko wazi, akaagiza lirudishwe saa ile ile. Nataka hili lieleweke na wale wanaonong'ona kwenye mikeka: Salima hakupoteza nafasi yake hata kwa siku moja. Alirudi Ziwani na barua yake mkononi. Lakini alipotoka tu, Mwalimu Haule akafunga mlango, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Hawa, wa kwanza kwenye akiba ni nani?" Nikajibu, "Dora." "Na Dora anaishi wapi?" Nikamwambia anaishi na mimi. Akasema, "Nimeambiwa mnaulizana kila siku nani ameugua." Mungu wangu. Mama Shamte alikuwa na dada yake anayefagia pale chuoni. Maneno yetu yalikuwa yameruka ukuta wa Ufukoni yakatua mezani kwa mkuu wangu, na njiani yalikuwa yameacha kicheko.

Akamwita Kelvin, kijana wa kompyuta aliyeletwa kutoka Dar es Salaam. Kelvin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kukosea mbele ya watu. Akaandika jina ndani ya linki, likakaa. Akafuta herufi moja katikati ya jina, ikatoka hiyo moja tu, akairudisha. Akafanya hivyo mara tatu huku Mwalimu anaangalia. "Jina halifutiki lenyewe, mkuu," akasema. "Lazima mtu alishike lote alifute. Halafu akaacha hiyo a kwa haraka zake." Akanigeukia. "Dada Hawa, samahani, lakini mashine haina shoga." Wakacheka, yeye na mhasibu aliyekuwa amechungulia mlangoni. Nilitamani nimtie kofi. Lakini zaidi ya hasira nilikuwa na hofu, kwa sababu nilijua sikufuta, na nilichokiona kwa macho yangu kilisema nimefuta.

Jioni hiyo Mwalimu Haule akaniletea barua aliyoichapa mwenyewe kwa vidole viwili. Nilikuwa, kwa mujibu wa barua hiyo, nakiri kwamba niliondoa jina la mchaguliwa kwa lengo la kumnufaisha rafiki yangu. "Saini," akasema, "na yataishia humu ndani. Nitakuhamishia kituo chetu kidogo kule njia ya Kilambo, utakuwa unaandikisha wagonjwa, utulie, mto uko karibu. Dora atatolewa kwenye akiba, na hataomba hapa tena. Usiposaini, Alhamisi naitisha kamati, na nitaandika juu." Alidhani ananionea huruma, na pengine kwa hesabu zake ilikuwa huruma kweli. Nilisoma barua ile mara mbili. Nilisoma neno "lengo". Nikamwambia, "Ng'o." Sikuwahi kumwambia mkubwa wangu ng'o kabla ya siku ile. Lilinitoka tu, na lilipotoka sikuliomba radhi. Akaniambia nisiiguse tena kompyuta ya ofisi mpaka Alhamisi.

Niliporudi chumbani Dora alikuwa ameshapata habari. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ming'oko iko kwenye sufuria haijachemshwa. Hakuniuliza kama kuna aliyeugua. "Niangalie," akasema. "Ulinifanyia?"

"Dora, hata wewe?"

"Nijibu. Kama ulifanya kwa ajili yangu, sema. Nitakuchukia, lakini nitakuchukia nikijua."

"Sikufanya. Wallahi sikufanya."

Juu ya ukuta tukamsikia Mama Shamte anamwambia mtu, "Mimi niliwasikia kwa masikio haya. Hakuna aliyeugua? Hata mafua? Kumbe walikuwa wanapanga!" Nikapanda juu ya kitanda na viatu vyangu. "Mama Shamte!" nikaita. "Na hili nalo lisikie, ulipeleke vilevile! Sikufuta!" Dora akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye. Alilia kwa sababu alikuwa ameingia kwenye akiba kwa jasho lake, akiwa amesoma kwa mwanga wa simu, na sasa jina lake lilikuwa litoke kwa kosa ambalo hakulifanya, na kila mtu aseme alistahili. Hilo ndilo lililonichoma. Mimi ningepata kazi nyingine. Steshenari hazikosekani mjini. Dora hakuwa na mlango mwingine.

Jumatano asubuhi sikuwa na pa kwenda. Nilikaa mezani, nikaweka karatasi mbele yangu, nikaanza kupiga chapa juu ya mbao tupu, nikirudia ile Ijumaa tangu mwanzo, kila kitufe. Salima Issa Nampota. Tena. Salima Issa Nampota. Dora alikuwa anamenya, anatazama mikono yangu kwa kukosa kingine cha kutazama. Mara akaacha. "Mbona kila ukimaliza jina mkono wa kulia unaruka pembeni?" akauliza. Nikamwambia hauruki. "Unaruka. Andika Theodora." Nikaandika. "Huo hapo! Kidole cha mwisho kimeruka kule juu, halafu cha kushoto kikagonga tena." Nikaangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine. Nikaandika tena taratibu, na safari hii nikakiona kidole changu kinainuka chenyewe, kinakwenda kwenye pembe ya juu ya kibodi ambayo haikuwepo, kinarudi. Rudi, gonga. Hapo nikaelewa ile a ilitoka wapi. Haikuwa herufi iliyosahaulika na mtu anayefuta. Ilikuwa herufi niliyoigonga mwisho, ikolee. Kama kurudi kumoja kulikuwa kumebeba jina zima, basi kilichobaki ni kile nilichogonga baada yake. Lakini ilikuwa "kama". Kelvin alifuta mbele yetu ikatoka herufi moja tu, na mimi nilikuwa nimekatazwa kugusa mashine.

Nikaenda Mikindani. Bi Rukia alikuwa uani anachambua mchele. Nilimpa shikamoo, nikamsimulia yote, kidole, a, barua, mpaka nikafika kwenye ng'o. Hakuinua uso kwenye ungo. Nilipomaliza akapuliza makapi, akasema, "Kidole hicho nilikifundisha mimi. Basi na mimi nimeshtakiwa, na hakuna aliyenipelekea taarifa." Nikamwambia, bibi, sina hakika kama ndivyo ilivyokuwa, sijajaribu. "Utajaribu kesho mbele yao." Na isipotokea? "Isipotokea," akasema, "utakuwa umesimama umesema ukweli wako wakakuona mwongo. Hujawahi kuonwa mwongo? Haiui. Kinachoua ni kusaini." Wanawake wa leo wananiuliza nani alinifundisha kukaza shingo. Nawajibu ni mwalimu wa kupiga chapa, wanadhani nafanya mzaha.

Alhamisi saa tatu tulikaa chumba cha walimu. Kamati ilikuwa ya watu wanne, wakiongozwa na Mwalimu Haule, Kelvin na mashine yake mezani, Dora kwenye kiti cha ukutani amevaa gauni lake la kanisani. Bi Rukia aliingia bila kualikwa, akatoa salamu, akachagua kiti kizuri kuliko vyote. Na Salima alikuwepo. Kamati ilimwita kama shahidi dhidi yangu, na alikuwa hajanitupia jicho tangu aingie. Nikaomba niruhusiwe kuonyesha kwenye kompyuta. Mwalimu Haule akasema, "Hapa si darasani, Hawa. Tuna maneno ya jirani, tuna karatasi, tuna maelezo ya mtaalamu." Nikafungua mdomo nimjibu, Salima akanitangulia.

"Mwalimu, samahani," akasema, na akasimama. "Aliyefutwa hapa ni nani? Ni mimi. Nyie wote majina yenu yapo. Nimetoka Ziwani mara ya pili wiki hii. Mimi nataka nione nilivyofutwa. Kama alinifuta kwa kusudi nitamwona, na kama hakunifuta nitamwona vilevile."

Wakatazamana. Mwalimu Haule akamwashiria Kelvin. Kelvin akafungua ukurasa, akatengeneza linki, akanipa kiti. Chumba kizima kikainama juu ya mabega yangu. Nikaandika Salima Issa Nampota, nikiwa nimekodoa macho kwenye skrini. Jina likakaa, la buluu, zima. Nikaandika tena. Likakaa. Kidole changu kilikuwa kimegoma, kinaona haya kama mtoto anayeambiwa aimbe mbele ya wageni. Nikasikia Mwalimu Haule anavuta pumzi ya kuhitimisha. Nikamwona Dora ameshafumba macho.

Ndipo Bi Rukia alipoinuka. Alivua kanga yake ya begani, akaitandika juu ya mikono yangu na kibodi yote. "Nani kakuruhusu kutazama mashine?" akaniuliza kwa ukali ule ule. "Salima, mwanangu, mshikie karatasi. Hawa, soma!" Salima akashika karatasi iliyosainiwa mbele ya uso wangu. Nikaacha kuwaza. Nilisoma tu jina kwenye karatasi, na mikono ikafanya kazi yake chini ya kanga. Sikuona kitu. Nilichosikia ni Kelvin akisema taratibu, "Subiri. Subiri kwanza."

Niliinua macho. Kwenye skrini kulikuwa na a moja, nyeusi.

Kelvin akavuta kibodi kwake, akaandika jina, akarudi nyuma mara moja kutoka mwisho kabisa wa neno. Jina zima likaondoka pamoja na buluu yake. Akajaribu tena. Likaondoka. Akaweka kile kijistari kinachopepesa katikati ya jina, akarudi, ikatoka herufi moja. Akakirudisha mwisho, likaondoka lote. Masikio yalimwiva. "Juzi niliweka katikati," akasema. "Sikujaribu mwishoni. Ukiwa mwishoni pale inaihesabu linki yote kuwa kitu kimoja." Sitamsahau kwa kulisema hilo kwa sauti, mbele ya mkubwa wake. Wanakamati wakaanza kutaja majina ya wake zao na binti zao tuyajaribu, Fatuma, Zuhura, kila moja likaacha mkia wake, mpaka Mwalimu Haule akagonga meza kwa kalamu.

"Basi tumeelewa," akasema. "Kosa ni la kidole chako, na hukuhakiki ulichosevu."

"Ni la kidole changu na la mashine yenu," nikamjibu. "Na ni la macho yangu, sikuyainua. Hayo nayakubali yote."

"Vizuri. Tutaifupisha barua. Tutaondoa neno lengo. Tuandike kwamba jina lilifutika kwa uzembe, katika mazingira yanayotia shaka. Utasaini, na Dora atatoka kwenye akiba mwaka huu tu, kulinda heshima ya chuo."

Unaona watu walivyo? Wamekuona kwa macho yao, halafu wanakuomba uwaachie kishaka kidogo, wasiondoke mikono mitupu. Na wengi husaini hapo, kwa uchovu, kwa kuwa kimebaki kidogo tu. Mimi nilikuwa nimechoka pia, na kiu, na nilijua mkataba wangu uko mkononi mwake. Nikavuta kibodi. "Barua naiandika mwenyewe," nikasema, na nikaiandika pale pale, watu wote wamekaa. Niliandika nilivyofundishwa kupiga chapa na kwa nini. Niliandika kwamba nilirudi nyuma hatua moja, kwamba mashine ikachukua jina zima, kwamba sikutazama kabla ya kusevu, na kwamba kosa hilo ni langu. Niliandika kwamba sikumfuta mtu kwa ajili ya mtu, na kwamba Dora hakujua, hakuomba, na hana sababu ya kutolewa. Safari hii niliinua macho, nikaisoma yote kuanzia juu. Nikaichapa, nikasaini, nikamsogezea.

Mwalimu Haule akaisoma. Akaweka kalamu yake juu ya mstari wa Dora. "Huu utoe, nami nitaipokea."

"Siutoi."

"Hawa, mkataba wako unaisha mwezi ujao. Sitauongeza."

"Usiuongeze, Mwalimu. Mstari unabaki."

Salima akainuka kwenye kiti chake, akaja mezani, akaomba aisome. Aliisoma polepole, midomo ikicheza, yote mpaka mwisho. Kisha akaomba kalamu, na kwa kuwa hakuna aliyemsogezea, akaichukua mkononi mwa Mwalimu Haule mwenyewe. Chini ya saini yangu akaandika, kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mstari: Mimi Salima Issa Nampota, niliyefutwa, nimeona, na nasema hakunifuta. Akaikoleza a ya mwisho mara mbili, kalamu ikakaribia kutoboa karatasi. Bi Rukia akakohoa.

Mwanakamati mmoja akasema, "Mkuu, ipokee tu," na wa pili akaitikia kwa kichwa. Mwalimu Haule akafungua droo, akatoa muhuri, akaugonga pembeni, akaitia barua kwenye faili ikiwa na mistari yake yote, hata wa Dora. Dora akafungua macho. Watu wakaanza kusogeza viti, kikao kimekwisha, na Mwalimu akaniashiria na mimi nitoke.

Sikutoka. Nikasema, "Naomba nakala yangu." Akaniambia printa imezimwa. Nikamwambia nitasubiri iwake.